Ukuta Unaotoka Jasho

Miaka mitatu iliyopita niliandika shairi la beti nane juu ya kazi, na katika ubeti wa tano nikaweka ukuta unaotoka jasho. Wenzangu walilipenda. Mmoja wao alinipigia simu kunipongeza kwa taswira ile, akasema hajapata kuona tashihisi ya namna hiyo, nami nikazipokea sifa kwa unyenyekevu wa mtu anayeamini kwamba anazistahili. Sikumwambia nilikoitoa. Niliitoa kinywani mwa mama yangu, aliyenipigia simu kutoka Sanje jioni moja ya mwezi Aprili, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, akasema: "Ule ukuta wako, baba, unatoka jasho."

Aliuita wangu kwa sababu mimi ndiye niliyetoa fedha za kuupiga lipu.

Ninataka kueleza habari za ukuta huo mbele ya watu wa mashairi na maneno, kwa kuwa nadhani wengi wenu mna daftari kama langu, ambalo humo huandikwa kila kauli nzuri inayopita masikioni, na tarehe yake. Mimi daftari hilo nalitunza tangu nikiwa chuoni. Nilijivunia kwamba sipotezi neno.

Sanje iko chini ya milima ya Udzungwa, upande wa mashariki, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Ukitoka Kidatu, kwenye mashamba ya miwa, utaipita kabla ya kufika Mang'ula. Wageni huijua kwa maporomoko yake, ambako maji huanguka kiasi cha mita 170 kutoka msituni. Wataalamu wa wanyama huijua kwa kima mwenye jina la kijiji chetu, ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimwita ng'olaga siku zote hizo sayansi ilipokuwa haijamwona. Lakini kwa mwenye nyumba, jambo kubwa la Sanje ni kwamba mlima uko magharibi. Jua hutupiga mapema asubuhi kutoka upande wa bonde, na alasiri, wakati watu wa Ifakara bado wanakunja nyuso kwa mwanga, kwetu kivuli cha mlima kimekwisha kuteremka. Ukuta unaotazama mlimani hupata jua kidogo, na mvua nyingi. Huo ndio ukuta ninaousema.

Nyumba ile aliijenga marehemu baba kwa matofali mabichi, yaani ya udongo usiochomwa, yaliyoshikanishwa kwa udongo huohuo. Kwanza iliezekwa kwa nyasi. Bati lilikuja baadaye. Jiko liko nje, la fito na udongo. Kila mwaka masika yakiisha, mwezi wa Juni au Julai, mama alisiriba kuta zote upya. Sisi watoto tulichota maji na kuukanyaga udongo, na kwetu ilikuwa kama sikukuu, kwani hiyo ndiyo siku pekee ambayo mtu aliweza kurudi ndani na matope hadi magotini asikemewe. Nilipokua na kupata kazi mjini Morogoro, sikukuu ile ikaanza kunitia haya. Nilimwona mama, mtu mzima wa miaka sitini na zaidi, ameinama na bonge la udongo mkononi, nikasema huu ni utumwa. Nikanunua mifuko sita ya saruji, nikampata fundi, ukuta wa mlimani ukapigwa lipu kuanzia chini hadi kwenye mtambaapanya. Ulitoka laini na umenyooka. Nikaupiga picha, nikawatumia ndugu zangu.

Mwaka wa pili ndipo ukaanza kutoka jasho.

Baada ya simu ile ya Aprili zikaja nyingine. Mwezi Novemba, mvua za vuli zilipoanza, mama alisema, "Ukuta wako umeota kitambi." Nilicheka, naye akacheka, nikaandika. Mwezi Machi mwaka uliofuata alisema, "Usiku unanong'ona." Hiyo niliiandika kwa wino mwekundu, kwa kuwa niliiona bora kuliko zote. Nilimuuliza unanong'ona nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Njoo usikilize." Nilikuwa na kazi. Mwezi Mei, usiku wa mvua, ukuta ule ulianguka kwa nje, ukaangukia kichanja cha vyombo na migomba miwili. Chumba kilichobaki wazi ni kile ninacholala mimi nikienda nyumbani. Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Aliamka, akawasha tochi, akahamisha gunia la mpunga lisilowe, akarudi kulala.

Nilipofika, jambo la kwanza lililonipata ni kuona vipande vya lipu yangu vimelala katika matope, vigumu, vizima, kama vigae vya chungu kikubwa. Saruji haikuwa na kosa hata moja. Kilichokuwa kimekwisha ni ukuta uliokuwa nyuma yake.

Mambo haya mafundi wa udongo huyajua tangu zamani. Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikiupiga hulowa kidogo, jua na upepo vikirudi hukauka. Unyevu mwingine huupanda kutoka ardhini, nao hutoka vivyo hivyo. Udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kila mwaka, kidogokidogo. Saruji haifuatani nao katika mwendo huo. Ni ngumu, haivimbi naye anayevimba, hivyo hupata nyufa nyembamba kama unywele, na maji yakiisha kupenya katika nyufa hizo hayana njia ya kurudi nje. Hukaa baina ya ganda na tofali. Tofali hulainika. Unyevu ukishindwa kutoka nje hutafuta upande wa ndani, na mtu anayeugusa ukuta asubuhi hukuta kiganja kimelowa. Hilo ndilo jasho. Kisha udongo uliolainika hushuka na kujikusanya, ganda likasukumwa kwa mbele: hicho ndicho kitambi. Kisha chembe zikaanza kuanguka nyuma ya ganda usiku kukiwa kimya, na mtu aliyelala karibu husikia kitu kama mnong'ono.

Nilifungua daftari langu nikiwa nimeketi juu ya tofali. Kauli tatu, tarehe tatu. Mama alikuwa amenipa taarifa ya ukaguzi wa jengo, hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao mhandisi asingeuboresha, nami nilizihesabu mizani zake.

Ndugu zangu walikuja, tukafanya kikao. Dada alitaka nyumba ivunjwe ijengwe ya tofali za kuchoma. Mdogo wangu alitaka mama ahamie Morogoro kwa mmoja wetu. Mama alisikiliza wote, kisha akasema kwamba nyumba yenye kuta nne ikianguka ukuta mmoja, zimebaki tatu. Kuhusu kuhama alisema, "Nikiondoka masika moja tu, mtakuta kichuguu hapa." Halikuwa neno la huruma. Sikuandika. Nilitoka nje kuangalia mchwa wamefika wapi kwenye nguzo za upenu, nikakuta wamefika.

Sisemi saruji ni mbaya. Nyumba ya tofali za kuchoma, yenye msingi wa mawe, na ipakwe saruji mtu akiwa nayo. Ninachosema ni kwamba fedha zangu zile zingetosha kumlipa kijana asiribe nyumba nzima kwa udongo kwa miaka kadhaa, na mama asiiname tena.

Nikachukua likizo ya wiki tatu. Mama, ambaye nyonga haimruhusu tena kuinama, alikaa kwenye kigoda chini ya mwembe akasimamia. Siku ya kwanza nilitamka kwa madaha kwamba sasa twende tukakandike. Akasema, "Huo haukandikwi. Kukandika ni jiko." Nikatambua kwamba maneno niliyokuwa nayatumia kama visawe kwa ajili ya vina, kwake yalikuwa kazi mbalimbali. Kukandika ni kuujaza udongo kwenye ukuta wa fito, ukiubamiza ushike. Kusiriba ni kuupaka juu ya ukuta uliokwisha simama, ili uwe laini na usipigwe na mvua moja kwa moja. Mimi nilikuwa na la tatu, kutomea, nililolipata katika kamusi: kujaza nafasi za ukuta kwa mawe madogo na udongo, kama wafanyavyo watu wa pwani. Nikamwambia kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Mama akalionja mara mbili, kutomea, kutomea. "Sisi tunasema kuziba," akasema, akanituma maji.

Udongo wenyewe haukutoka popote tu. Tuliuchimba kwenye kichuguu kilichohamwa, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuusaga na kuushikanisha. Pumba za mpunga tulizifuata kwenye mashine ya kukobolea, magunia mawili. Bonde la Kilombero lina upungufu wa vitu vingi lakini si pumba. Tukachanganya, tukamwaga maji, tukaufunika kwa majani ya migomba siku nne mpaka ukaanza kunuka. Harufu hiyo ndiyo dalili kwamba umeiva. Kisha mama akaomba nimletee donge, akalisokota katikati ya viganja likawa kamba nene kama kidole, akaliacha lining'inie. Likikatika upesi, mchanga umezidi. Likining'inia mno na kung'aa, udongo umezidi, na ukuta utapasuka ukikauka. La kwetu lilikuwa linang'aa. Tukaongeza mchanga wa mtoni, karai tatu, akalisokota tena. Nilimuuliza aliyemfundisha. Akasema hakufundishwa, alikuwa akituma maji.

Siku zile nne za kungoja udongo, nilipata ujasiri wa kumsomea shairi. Hakuwa amewahi kulisikia. Nilisoma beti zote nane, na katika ubeti wa tano nikapandisha sauti kidogo, kwa kuwa nilitaka atambue mali yake. Katika ubeti huo jua la mchana linaupiga ukuta, na ukuta, kama kibarua wa shambani, unatoka jasho kwa mbele. Alinyamaza. Kisha akasema, "Shairi zuri, baba. Limekaa vizuri. Lakini jasho lilikuwa ndani. Wewe umeandika nje."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilijaribu kuurekebisha ubeti ule usiku huo kwa mwanga wa tochi. Ukifanya jasho liwe ndani, kibarua anaanguka, jua halina kazi, na vina vya kati vyote vinabomoka. Wasomaji wa fani hii wanajua kwamba neno letu ubeti limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na kwamba huko kwao nusu ya mstari wa shairi huitwa kwa jina la ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Nimelifundisha jambo hilo mara nyingi, na kila mara wanafunzi hutabasamu. Usiku ule nilikuwa nimelala katika chumba chenye turubai badala ya ukuta, na sikuliona la kutabasamisha.

Kazi ilipoanza ilikwenda haraka kuliko nilivyodhani. Matofali yaliyokuwa mazima tuliyarudisha. Yaliyoharibika tuliyaloweka yakawa udongo wa kujengea, na hilo ndilo ambalo tofali la kuchoma haliwezi. Kabla ya kusiriba nilifundishwa kuulowesha ukuta kwa maji ya kunyunyiza, la sivyo ukuta mkavu hunyonya maji ya udongo mpya na kuuacha bila nguvu. Tabaka la kwanza hupakwa nene na kukwaruzwa kwa vidole, mistari ya mawimbi, ili la pili lipate pa kushika. Tabaka la pili ni jembamba, na pumba zake huchekechwa. Kivuli cha mlima, nilichokuwa nikikilaumu, kumbe ni rafiki wa kazi hii: udongo ukaukao polepole haupasuki.

Chini ya ukuta mama alitaka kibaraza. Mvua itokayo kwenye bati hupiga ardhi na kurusha matone yanayoula ukuta sehemu ya chini, na nyumba nyingi za udongo huanzia hapo kufa. Kibaraza kilichoinuka kidogo na kuinamia nje hulipokea pigo hilo. Kinahitaji mawe ya kujazia, na mawe hatukuwa nayo karibu. Mama akanyoosha fimbo kuelekea rundo la lipu yangu. Mifuko yangu sita ya saruji sasa imelala chini ya kibaraza, imepondwapondwa, ikifanya kazi inayoiweza.

Katika wiki hizo nilianza kuona mengine ambayo kwa miaka mingi nimeyapita. Nyumba ya mama haitupi kitu kabla hakijatumika mara tatu. Maji ya kuoshea mchele huenda kwenye mche wa mpapai. Maji ya bafu hupita katika mfereji hadi kwenye migomba, ndiyo sababu migomba imepandwa pale. Ndoo ya plastiki iliyopasuka huzibwa kwa kisu kilichopashwa moto na kipande cha ndoo iliyokufa. Majivu huhifadhiwa kwenye debe: kiasi cha kusugulia sufuria, kiasi cha kunyunyizia mchicha unapoingiwa na wadudu mafuta. Vitabu vya kilimo huwaita wadudu hao vidukari. Nilimpa mama neno hilo pia. Alilipenda, akasema linafanana nao, lakini akaendelea kusema wadudu mafuta, kwa kuwa jani walilolikalia hunata kama lililopakwa mafuta na ndivyo mtu anavyojua kwamba wapo kabla hajaligeuza.

Hata kuni zina hesabu. Zamani wanawake wa vijiji vya kando ya hifadhi ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, waliruhusiwa siku maalumu kuingia na kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Msitu una haki ya kupumzika, sibishani na hilo, ila mzigo wa kupumzika kwake ulibebwa na watu wenye vichwa vya kubebea kuni. Mama alipanda mistafeli na milonge mpakani mwa kiwanja, akawa anapogoa matawi kwa zamu, mti mmoja kila mwezi, na jiko lake akalijenga upya kwa udongo liwe dogo na lenye mlango mwembamba. Hupika wali na maharage kwa mzigo ambao dada yangu, mwenye jiko la gesi, haamini. Moto ukiisha, chungu cha maji ya kuoga hukaa juu ya mafiga yaliyobaki na joto.

Niliporudi Morogoro ukuta ulikuwa umekauka, mwekundu wa kahawia, na alama za vidole vyangu zikionekana chini ya dirisha, mahali mama aliposema nimeshika mwiko kama kalamu. Hakunitaka nizifute. Alisema mwaka ujao zitafunikwa.

Shairi nimeliacha lilivyo. Limekwisha chapishwa na watu wengine wamelishika kwa moyo. Daftari bado ninalo, lakini sasa, pembeni ya kila kauli, ninaandika pia nilichouliza baada ya kuisikia, na kurasa nyingi za nyuma upande huo ni mweupe.

Aprili mwaka huu mama alinipigia simu jioni. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo. Mvua ilikuwa ikinyesha kwao. Niliisikia juu ya bati.

"Ukuta umelowa," akasema.

Nikamuuliza, "Ndani au nje?"

Akanyamaza. Nilisikia kigoda kikisogezwa, hatua zake, kisha mlango. Alikwenda kuugusa.

"Nje," akasema.

"Na chini, juu ya kibaraza? Kidole kinaingia?"

"Hakiingii." Nikamsikia anacheka. "Ukija Juni niletee misumari ya bati, nusu kilo. Ile yenye kofia. Usininunulie ya kichwa kidogo."

Nikaandika.